Miji Midogo ya Mkoa wa Mara: Nyamwaga, Mji Uliozaliwa Shambani (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia ilieleza habari za Tarime mjini, ambako tangu zama za utawala wa Waingereza palikuwa makao ya wilaya iliyoitwa Mara Kaskazini, hata watu wa vijijini wakazoea kuamini kwamba kila haja ya serikali, iwe cheti cha kuzaliwa au shauri la mpaka wa shamba, sharti iendewe huko. Leo twaifuata njia itokayo mjini humo kuelekea kusini-mashariki, ipitayo Mogabiri, ikateremkia Nyamongo penye machimbo ya dhahabu, ikavuka Mto Mara na kukoma Mugumu katika wilaya ya Serengeti, mwendo wa kilometa 87 hivi kwa jumla. Walakini hatutaufikia mwisho wake, bali tutasimama Nyamwaga, katika tarafa ya Ingwe, mahali ambapo zamani si nyingi msafiri aliweza kupapita bila kuuliza jina lake, na ambapo sasa ndipo yalipo makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime.

Mgeni atokaye pwani akiambiwa kwamba hapa ni makao ya halmashauri hutazamia mitaa iliyopangwa, nyumba zilizogusana kuta, na watu wapishanao bila kuamkiana kwa kuwa hawajuani. Hayo hatayaona. Ataona ofisi za serikali na hospitali ya halmashauri, safu ya maduka yaliyoezekwa mabati, vijana wa bodaboda wakingoja abiria chini ya mti, na nyuma ya hayo yote, pasipo ua wala alama ya kutenga mji na konde, ataona mahindi, migomba, muhogo na ng'ombe. Karani wa hapa aghalabu ana shamba, na mkulima wa hapa aghalabu ana ndugu aliye karani, mwalimu au askari. Mvua ikichelewa, mazungumzo ya ofisini na ya kilabuni huwa ni mamoja.

Katika nchi za mbali mji mdogo wa wakulima una habari nyingine kabisa. Huko Australia, ambako ngano na kondoo ni mali kubwa ya bara, mashamba yamekuwa yakipanuka kizazi baada ya kizazi, kwa sababu mashine moja hufanya kazi iliyofanywa zamani na watu wengi, na jirani mwenye fedha humnunua jirani aliyechoshwa na ukame na madeni. Na kadiri mashamba yanavyopanuka ndivyo watu wanavyopungua, hata mji mdogo uliokuwa na benki, shule na stesheni ya garimoshi hujikuta umebakiwa na duka moja na wazee ambao watoto wao wamehamia miji ya pwani. Nyamwaga mambo yamepinduka. Hapa shamba halipanuki, bali hugawanyika. Na kila ligawanyikapo humtoa mtu mmoja au wawili ambao sehemu waliyoipata haiwezi kuwalisha, nao husogea kando ya barabara, mmoja akafungua duka, mmoja akaweka cherehani barazani, mmoja akaanza kuchomelea milango ya chuma, mmoja akachukua pikipiki kwa mkopo. Na watu hao, wakishakutana, ndio mji. Rai yangu ni kwamba Nyamwaga haikuzaliwa na ofisi, wala haikuzaliwa na dhahabu ya jirani yake Nyamongo, japokuwa viwili hivyo vimeiharakisha mno; imezaliwa na udogo wa mashamba yake, na kila atakaye kuifahamu hana budi kuanzia shambani.

Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mara na wakazi 1,743,830, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 2,372,015, yaani katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki sita. Ilhali ardhi ni ile ile, tena ya Tarime imebanwa pande zote. Kaskazini upo mpaka wa Kenya, mashariki ipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo tangu mwaka 1951 ni mahali pa wanyama wala si pa jembe, magharibi kuna Waluo wa Rorya na Ziwa Viktoria, na katikati ya wilaya yenyewe limo eneo la mgodi lililozungushiwa uzio. Mkulima wa zamani, shamba lilipochoka, alihama akafyeka pengine. Mjukuu wake hana pengine.

Na ardhi yenyewe ni ya kutamanika. Nyanda za juu za Tarime hufikia kimo cha meta 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya baridi asubuhi, na mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, za vuli na za masika, hivi kwamba mkulima mwenye bidii huvuna mara mbili. Huko juu hustawi kahawa na ndizi. Na kadiri nchi inavyoteremka kuuelekea Mto Mara joto huongezeka na mvua hupungua, ndipo huanza utawala wa muhogo, mtama na tumbaku. Nyamwaga iko baina ya hali hizo mbili, nayo imepata fungu kutoka pande zote. Hii ndiyo neema yake, na ndiyo sababu ya watu kusongamana.

Zao la heshima kwa Wakurya, wenyeji wa hapa, tangu jadi ni wimbi. Ndilo lililotoa unga wa ugali wa wageni, ndilo lililotoa kimea cha pombe ya wazee, na ndilo lililowekwa ghalani kwa ajili ya mwaka wa njaa, maana punje yake ni ndogo na ngumu, dumuzi hawaliwezi, na likihifadhiwa pakavu hukaa miaka mingi bila kuharibika. Lakini wimbi ni zao lenye dhuluma kwa mwanamke. Magugu yake yamefanana nalo hata mtu asiye mzoefu hung'oa zao akaacha gugu, na palizi yake ni ya kuinama kutwa. Zama za Waingereza Wakurya walilipokea plau la kukokotwa na ng'ombe kwa haraka iliyowastaajabisha wengi, na kwa plau hilo mwanamume akaweza kulima kwa siku chache eneo ambalo zamani lilichukua majuma kwa jembe la mkono. Walakini plau halipalilii wala halivuni, kwa hiyo kila ekari aliyoongeza mume kwa kuwaswaga ng'ombe ilikuwa ni ekari aliyoongezewa mke ya kuinamia. Haya hayaandikwi katika taarifa za maendeleo ya kilimo. Basi mahindi yalipokuja, yenye shina nene na palizi nyepesi, na muhogo usiodai palizi nyingi, wanawake waliyakaribisha kwa sababu wanazozijua wenyewe, na leo ugali wa siku zote Nyamwaga ni wa mahindi, au wa muhogo uliosagwa pamoja na mtama au wimbi, mweusi kidogo, mzito, wenye kushibisha kweli kweli.

Sasa tuje kwenye urithi, ambao ndio mzizi wa mambo. Kwa desturi ya Wakurya, kama alivyoieleza kwa urefu Malcolm Ruel, mtaalamu Mwingereza aliyekaa miongoni mwao katika miaka ya 1950, boma la mtu mwenye wake kadhaa si mali moja. Kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina makonde yake, ghala lake na ng'ombe wake. Mume ni msimamizi wa zote, lakini si halali kwake kuitoa mali ya nyumba hii na kuitia katika nyumba ile isipokuwa kwa deni litakalokumbukwa hata baada ya kufa kwake. Mtoto wa kiume hurithi katika nyumba ya mama yake, na mahari ya dada yake wa tumbo moja ndiyo yamwozayo yeye mke. Desturi hii ilitungwa kwa nchi yenye nafasi: ilimpa kila mama uhakika wa konde, na kila kijana uhakika wa kuanza maisha, kwani kama fungu lilikuwa dogo palikuwako mwitu wa kuongezea. Mwitu ulipokwisha, desturi ile ile iliyokuwa ngao ya haki ikageuka kisu cha kugawia, na vizazi vitatu vikatosha kulifanya konde la babu kuwa vipande ambavyo ng'ombe wa plau hawana nafasi ya kugeukia.

Katika desturi hiyo pia ndimo ilimozaliwa nyumba ntobhu, ambayo waandishi wa magazeti ya mijini huipenda kwa sababu huidhania kuwa kioja. Mwanamke aliyefikia umri wa kutozaa, naye hana mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe akaoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa na kijana huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba yake, wakabeba jina lake na kurithi makonde yake. Anayesimulia jambo hili bila kutaja ardhi hajasimulia kitu. Nyumba isiyo na mrithi wa kiume ni nyumba ambayo makonde yake yatachukuliwa na wengine, na mama aliyeyalima miaka arobaini hakuwa na mlango mwingine katika sheria ya mila ila huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imemfungulia mlango mwingine, maana imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na kuruhusu atolewe hatimiliki ya kimila kwa jina lake. Lakini baina ya sheria iliyopigwa chapa Dar es Salaam na baraza la ukoo lililoketi kivulini kuna masafa marefu, na wanawake wengi wa Tarime bado hawajayamaliza.

Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Kabla yake Wakurya hawakukaa pamoja. Kila boma lilikuwa juu ya kilima chake, na jirani alikuwa ni mtu wa kumwita kwa sauti, si wa kugonga mlango wake. Serikali ikawakusanya kando ya njia na kuwapimia viwanja, ili shule, zahanati na duka la ushirika viwafikie kwa urahisi. Shule na zahanati zilikuja kweli, na hilo haifai kulikana. Lakini mkulima aliyewekwa mbali na konde lake alilikuta limeliwa na nyani na ngedere, na mbolea ya zizi lake ikabaki kijijini ambako hakuna cha kuitilia. Miaka ilipopita wengi walirudi polepole kwenye mahame yao, na waliobaki njiani walikuwa ni wale wenye biashara, wenye kazi ya mshahara, na wasio na mahame ya kurudia. Vijiji vingi vya kando ya barabara katika wilaya hii vilipata hivyo kiini chao cha kimji, kabla ya mtu yeyote kuviita mji.

Kuhusu kahawa, maneno ni mengi. Kahawa ya hapa ni arabika, na mti wake humfunza mkulima subira, kwa kuwa hupandwa leo ukaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na tunda lake halichumwi ila limekwisha kuwa jekundu, moja moja, kwa mkono. Likishachumwa halingoji, sharti limenywe siku ile ile, lichachushwe, lioshwe, kisha lianikwe juu ya vichanja na kugeuzwa geuzwa hadi likauke sawasawa, na hapo ndipo huitwa kahawa ya maganda. Adui zake wakubwa ni chulebuni, uozeshao tunda kabla ya kuiva, na kutu ya majani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, iliyoanzishwa mwaka 2001, ina kituo chake kidogo Sirari mpakani, na kazi yake kubwa imekuwa ni kusambaza miche ya aina zinazostahimili maradhi hayo mawili, ili mkulima asilazimike kununua dawa kila msimu. Chama kikuu cha ushirika cha mkoa, WAMACU, hukusanya kahawa ya vyama vya msingi na kuitafutia soko. Kahawa iliyomenywa kwa mtambo mzuri wa pamoja aghalabu hupata bei bora kuliko ile iliyomenywa nyumbani kwa haraka; kwa hiyo mwenye nusu ekari akiwa karibu na mtambo aweza kupata zaidi kwa kila kilo kuliko aliye mbali nao. Msomaji alishike neno hili, tutalirudia.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari utokao pwani hadi Ziwa Viktoria, na mstari huo ukapita katikati ya Wakurya, wengine wakawa wa Kehancha na Isebania upande wa Kenya, wengine wakabaki upande huu. Wenyewe hawakuulizwa. Wala hawakuutii sana, kwa sababu mjomba wa mtu hawezi kuwa mgeni kwa kuwa wazungu wamechora ramani. Na zaidi ya undugu ipo bei. Msimu ambao kahawa au mahindi yanapata bei nzuri Kenya, magunia huvuka kwa pikipiki na kwa punda, na msimu ambao mambo yamegeuka, bidhaa hurudi kwa njia zile zile. Serikali huita magendo. Mkulima huita soko. Mimi sitetei uvunjaji wa sheria, lakini chama cha ushirika kichelewacho kulipa ndicho kimfundishacho mkulima njia za usiku.

Ng'ombe nao wamevuka mpaka huo kwa wingi, na si wote waliovuka kwa ridhaa ya wenyewe. Wizi wa mifugo, uliokuwa zamani ujasiri wa vijana baina ya koo na koo, uligeuka biashara ya bunduki na malori mnyama alipopata bei ya machinjioni. Ukachochea mapigano ya koo, mashamba ya mpakani baina ya koo yakaachwa bila kulimwa kwa hofu, hata Serikali ikaona sharti iunde mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Hali imetulia kuliko zamani. Ng'ombe wa leo Nyamwaga ana kazi ya plau, ya samadi na ya mahari, na katika hizo tatu ya mahari ndiyo inayomtoa mtu jasho.

Sasa dhahabu. Mgodi wa North Mara, ulio Nyamongo, ulianza uzalishaji mkubwa mwaka 2002, na hapa Australia huingia tena katika habari yetu kwa mlango mwingine, kwa sababu kampuni iliyouanzisha ilikuwa ya huko. Mwaka 2003 ukachukuliwa na Placer Dome ya Kanada, mwaka 2006 ukawa wa Barrick, na tangu mwaka 2020 Serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16 kwa njia ya kampuni ya Twiga. Vijiji vitano vilivyouzunguka mgodi tangu mwanzo, Nyamwaga kikiwa kimojawapo pamoja na Nyangoto, Kerende, Kewanja na Genkuru, vilifungamana na wenye mgodi kwa mikataba ya ardhi iliyovipa fungu la asilimia moja. Na kwa fedha hizo na nyingine za mgodi yamejengwa madarasa, yamevutwa maji, na yamezuka magomvi, kwa kuwa kijiji kisichozoea fedha nyingi hakina daftari la kuzitunzia.

Jambo la kumtia mkulima huzuni si shimo lenyewe bali ni yale yaliyolizunguka. Mei mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia Mto Tigithe, ambao watu wa vijiji vya chini walikunywa na kunywesha mifugo yao, nao mto ule huenda kuingia Mto Mara. Kadhalika, vijana wengi waliacha jembe wakaenda kuokota mawe yenye chembe za dhahabu, na baadhi yao hawakurudi, kwa kuwa baina ya wavamizi na askari wa mgodini pamemwagika damu kwa miaka mingi. Tena kuna tegesha. Habari ikienea kwamba mgodi utataka eneo fulani, watu hupanda miti kwa msongamano usiokusudiwa kuota, wakasimamisha nyumba usiku na mchana zisizokusudiwa kulaliwa, ili mthamini akija ahesabu na fidia ilipwe; na konde lililokuwa likitoa magunia ya mahindi hugeuka msitu wa vijiti na kuta bila madirisha. Kuwacheka watu hao ni rahisi. Lakini mtu aliyeona jirani yake akilipwa kwa ardhi kiasi asichoweza kukipata kwa kilimo cha maisha yake yote amekwisha kupata somo juu ya thamani ya kulima, na aliyempa somo hilo si mchawi wala mvivu, ni mfumo wa fidia wenyewe, ambao huhesabu kilichojengwa kuliko kilichovunwa.

Watu wa Australia walipitia njia iliyofanana na hii. Dhahabu ilipovumbuliwa katika nchi ya Victoria mwaka 1851, Ballarat na Bendigo zilijaa watu wa kila taifa katika muda wa miezi. Na dhahabu ya juu juu ilipokwisha, wachimbaji wengi wasio na kazi walidai ardhi ya kulima, hata katika miaka ya 1860 mabunge ya makoloni yale yakatunga sheria za kuwakatia mashamba kutoka katika malisho ya matajiri wa kondoo, ambao nao walikuwa wameipokonya ardhi hiyo kwa wenyeji wa asili. Wao, kwa haki au kwa dhuluma, walikuwa na ardhi ya kugawa. Nyamongo dhahabu itakapokwisha, nayo itakwisha, kwani mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966 na hapa mkoani Kiabakari na Buhemba zimekwisha kuonja jambo hilo hilo, hapatakuwa na malisho ya tajiri ya kuwakatia vijana. Patakuwa na vipande vile vile vya nusu ekari.

Ndiyo maana kuhamia kwa halmashauri hapa ni jambo lenye uzito kuliko majengo yake. Mkulima wa Nyanungu au wa Gorong'a, kata zilizo karibu na hifadhi, ambaye zamani alipita hapa akiendelea hadi Tarime mjini kufuata saini, sasa huikuta saini njiani. Na mishahara ya watumishi, iliyokuwa ikiliwa mjini, sasa hununua maziwa, ndizi na mayai ya hapa. Huo ni mwanzo mwema. Walakini ofisi nazo zimekula makonde, na nyumba za kupangisha zinapanda kwenye udongo mwekundu ulio bora kuliko wote, kwa kuwa ndio ulio tambarare na karibu na barabara. Na mwenye konde huona kodi ya vyumba vinne inamlipa kuliko mahindi, naye hakosei hesabu.

Tuangalie basi halmashauri hii inaishi kwa fedha gani. Ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 ulipunguzwa ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, humtoza mnunuzi kwa sheria, ingawa kila mkulima ajua kwamba mnunuzi huukata katika bei. Mgodi nao umekuwa ukilipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo yake. Katika kila shilingi milioni ya kahawa, halmashauri huchukua shilingi 30,000. Katika kila shilingi milioni ya dhahabu, kwa kiwango hicho, shilingi 3,000. Ni kweli mgodi hulipa mrabaha wa asilimia 6 na kodi nyingine kwa Serikali kuu, tena dhahabu ni nyingi kiasi kwamba sehemu hiyo ndogo huzidi ushuru wa mazao yote ya wilaya. Lakini mizani hii hueleza ni nani anayebebeshwa zaidi kwa kipimo cha nguvu zake. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, iliyoushusha mfuko wa kilo 50 hadi kama shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha, imemrudishia sehemu fulani.

Shauri langu kwa madiwani ni hili. Ushuru wa dhahabu ni fedha yenye mwisho, na kwa hiyo haifai kuliwa kwa posho na magari. Sehemu yake ijulikanayo, iliyoandikwa katika bajeti na kusomwa hadharani, iwekwe katika mitambo ya pamoja ya kumenyea kahawa, kata kwa kata, kwa sababu, kama tulivyosema, mtambo ndio unaoweza kumwongezea mwenye nusu ekari bei ya kila kilo anayoivuna. Sehemu nyingine ilipie upimaji wa mashamba na hatimiliki za kimila, majina ya wake na mabinti yakiwemo. Na kabla nyumba nyingine hazijajengwa, mchoro wa mji upelekwe mbele ya mkutano wa kijiji, uonyeshe wazi ni ardhi ipi ya viwanja na ni ipi ya jembe.

Katika makala ijayo tutavuka Mto Mara kuingia wilaya ya Serengeti, tutazame Mugumu, mji ambao wakulima wake hulala macho kwa ajili ya tembo. Wasomaji wa Tarime walio na habari za kale za Nyamwaga, hasa za mwaka 1974, wanaombwa waziandike kwa mhariri wangali wanazikumbuka.